Dobi na Ghorofa Lenye Pengo

Ukiwauliza watu kwa nini lile ghorofa la katikati ya mji halina pembe moja, kila mtu atakupa jibu lake, na yote ni uongo. Mmoja atakwambia fedha ziliisha. Mwingine atakwambia msanifu alikuwa mlevi, mstari ukamponyoka. Wenye suti ndio waongo kupita wote: watakwambia pembe ile iliachwa wazi kwa makusudi, kwa ajili ya uzuri, ili mji upumue. Upumue! Mji una pua? Pembe ile ilikatwa kwa sababu ya dobi mmoja mbishi, mtu mfupi mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji, aliyekataa kuuza uwanja wa baba yake. Wala usidhani alikuwa shujaa. Alikataa kwa tamaa, tena tamaa ya kijinga, ambayo haiwezi kumwingia mtu yeyote isipokuwa dobi.

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Wote walimwita Kanji, kwa ule wanga wa kutilia nguo, maana shati likitoka mikononi mwake liliweza kusimama mezani bila mwenyewe. Watani walisema shati la Kanji halivaliwi, unalibishia hodi kwanza ndipo unaingia. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na nyumba ya vyumba vitatu, masinki mawili ya saruji, na uwanja mpana nyuma ya nyumba uliojaa kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Uwanja ule ulikuwa dhahabu. Asubuhi jua lilikawia kidogo kwa sababu ya maduka ya ng'ambo ya barabara, lakini hilo halikuwa na neno, asubuhi ni ya kuloweka na kusugua. Jua la dobi ni la mchana. Nguo zikifika kambani, jua lilikuwa limeshatanda uwanja mzima, na halikubanduka mpaka jioni.

Lakini mali ile hakuirithi peke yake. Aliirithi pamoja na dada yake, mkubwa wake, nusu kwa nusu, na hapo ndipo penye neno. Dada alikuwa ameolewa na dereva wa lori. Siku moja lori lilipinduka, mume akaumia mgongo, akawa mtu wa kulala tu, na Dada akarudi naye nyumbani kwa baba, wakakaa kwenye chumba kimoja kati ya vile vitatu. Chumba chenyewe kilikuwa karibu na masinki, sakafu yake haikupata kukauka. Mgonjwa wa mgongo na sakafu yenye maji, hebu fikiria mwenyewe.

Basi kampuni ya kujenga ghorofa ikaja. Ilikuwa imeshanunua viwanja vyote vya jirani: duka la vitambaa, gereji, na nyumba ya mjane mmoja aliyefurahi mpaka akakumbatiana na karani. Kilibaki kiwanja cha Kanji na Dada, nacho kilikaa palepale penye pembe. Wakaitwa wote wawili ofisini wakaonyeshwe jengo lenyewe.

Juu ya meza kulikuwa na mfano wa jengo uliotengenezwa kwa karatasi ngumu, ghorofa ishirini, moja juu ya nyingine, na chini yake njiti za kiberiti zenye vipande vya sponji vya kijani, eti miti. Mahali pa nyumba yao palikuwa na kipande cha kioo, eti bwawa la samaki. Msanifu alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, mwenye kuipenda kazi yake kama mama anavyompenda mtoto wa kwanza. Alieleza kila kitu. Kila dirisha, alisema, litakuwa na ubao wa saruji mbele yake wa kukinga jua, ili waliomo ndani wasichomwe hata kidogo. Akavuta taa ya mezani, akaiwasha, akasema, "Hili ndilo jua la mchana. Tazameni."

Wakatazama. Mkono wa Kanji ulikuwa umelala mezani, palepale penye kile kioo, na kivuli cha jengo la karatasi kikaufunika kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Mtu mwingine angekiona kivuli kile. Kanji alikuwa akihesabu madirisha.

Njiani kurudi alikuwa kama mtu aliyekunywa. "Dada, umeyaona yale madirisha? Kila dirisha lina meza. Kila meza ina mtu. Na kila mtu ana kola! Kola elfu moja, Dada, tena za watu wa ofisini, shati jipya kila siku, na sisi tuko mlangoni pao! Watu wanahama miji kwenda kutafuta biashara, sisi biashara inatufuata nyumbani, halafu tuiuze? Tuna wazimu?"

"Mimi nimeona nyumba," Dada akasema. "Nusu yangu inatosha kiwanja nje ya mji na chumba chenye sakafu kavu. Sitaki kola za watu. Nataka mume wangu alale pakavu."

"Nivumilie kidogo. Ghorofa likishajaa, nitakujengea mwenyewe."

"Wewe? Banda la kuku lilikushinda, kuku wakalala chini ya kitanda cha baba."

Kanji akacheka. Dada hakucheka. Alikuwa hatanii.

Kampuni ilitaka sahihi mbili. Dada alitia yake siku hiyohiyo. Kanji alisema mkono wake hauandiki. Dada alimbembeleza kwa upole, akambembeleza kwa ukali, akawaita wajomba na mashangazi, wakaja wakakaa, wakanywa chai, wakasema damu nzito kuliko maji, wakaondoka. Jioni moja alipiga magoti mbele ya mdogo wake, pale uwanjani, katikati ya mashuka ya watu. Mwanamke aliyembeba mgongoni wakiwa wadogo, aliyemfundisha kukunja mkono wa shati! "Baba alituachia sote wawili," akasema. "Sikuombi chako, naomba changu."

"Na chako kipo, Dada. Nani amekufukuza?"

Huyo ndiye Kanji. Moyo wake haukuwa mbaya, hapana. Mtu mwenye moyo mbaya unaweza kumtukana ukalala usingizi. Yeye alikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika ni mbaya kuliko mwizi.

Msanifu mwenyewe alikuja uwanjani mara ya mwisho, bila karani wala mwanasheria. Alikuwa amekonda zaidi. "Umeniharibia jengo langu," akasema.

"Jengo ni lako, bwana," Kanji akamjibu huku akikamua suruali. "Uwanja ni wangu."

Msanifu akatema mate chini, akaenda zake. Huruma hapo iko wapi? Alirudi kwenye meza yake akaikata ile pembe kuanzia chini mpaka juu, kama unavyokata mche wa sabuni, na ghorofa likaanza kujengwa likiwa na pengo. Liliuzunguka uwanja wa Kanji pande mbili, na mmoja wa pande hizo, jamani, ni upande wa jua la mchana.

Mwanzoni lilikuwa vumbi tu. Mashuka meupe yalirudi kambani rangi ya udongo, yakafuliwa upya. Vumbi likamwingia na mgonjwa kifuani. Dada hakungoja aambiwe. Alifunga vyombo vyake, akamwinua mumewe, wakaenda kupanga chumba mbali, kule mwisho wa mji ambako nyumba ni chache na maji ni ya kununua. Kanji alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amembebea godoro. "Utarudi tu," alimwambia. "Ghorofa likijaa utarudi mwenyewe, tena ukicheka."

Jengo lilipanda. Ghorofa la tatu, la nne, hakuna tatizo, na Kanji aliwafulia hata mainjinia, akawa anawaonyesha wapita njia kwa kidevu: "Lile ni langu lile." Watu wakamcheka, naye akacheka nao. Kisha siku moja mchana mkewe alisimama penye kamba, akashika shuka, akalishika tena.

"Baba watoto, mbona hizi bado mbichi?"

"Hukuzikamua."

"Nimezikamua. Na nimezianika mapema."

Kanji akaja akashika mwenyewe. Shuka lilikuwa la baridi. Akaangalia chini, akaona uwanja wote umeingia kivuli, na bado ni mchana mweupe. Akainua uso. Juu yake mafundi walikuwa wakimwaga zege la ghorofa jingine, wakiimba. Ebo! Mtu mzima, dobi mtoto wa dobi, aliyekula jua na kuvaa jua na kuoa kwa jua, alipiga hesabu ya kola zote za mji na kulisahau jua lenyewe! Mkewe alimwona akikaa chini kwenye tope la sabuni, ameshika kichwa.

Na kilichouma zaidi, hesabu yake haikukosea. Kola zilikuja kweli. Ghorofa lilipofunguliwa, watu wa ofisini walifurika kwenye uwanja wake kama nzige, mashati kwa magunia, na Kanji hakuwa na pa kuyakaushia. Alihamisha kamba, akazifunga juu ya paa, paa nalo likawa kivulini. Alijaribu kuanika usiku, umande ukazirudisha nguo zilikotoka. Mwisho akaamua kukausha kwa pasi. Alijaza pasi mkaa mpaka ukafuka, akalitia shati bichi kanji, akalikandamiza mpaka likapiga kelele, likasimama. Kwa macho hukuona kosa lolote.

Kosa lilitokea kwenye lifti. Shati lililokaushwa kwa pasi ni kama mtu aliyemezeshwa hasira, linangoja joto. Asubuhi waliingia mle watu kumi na kitu, wamebanana, wote wamefuliwa na Kanji, lifti ikapanda polepole, miili ikapata joto, na ule uvundo wa kitambaa kibichi ukaamka kwenye mabega yote kwa pamoja. Wanasema katibu muhtasi mmoja alishuka ghorofa la sita akiwa na leso puani, akapanda zilizobaki kwa miguu. Baada ya hapo, mtu akinuka kidogo tu kazini alisemwa, "Huyu amepanda Kanji." Jina lililokuwa sifa kwa maisha yake yote likageuka tusi ndani ya mwezi. Watoto wake walilisikia shuleni.

Wateja wakaanza kuhama mmoja mmoja, kwa aibu, wakipita upande wa pili wa barabara. Halafu chini kabisa ya ghorofa, karibu na mlango mkubwa, likafunguliwa duka la kufua na kukausha kwa mashine. Lilikuwa na vioo na kaunta nyeupe, na wasichana waliovaa sare. Mashine hazihitaji jua. Kanji akabaki na mashuka ya nyumba za wageni za bei rahisi, ambako hakuna anayeuliza mambo ya harufu.

Mume wa Dada alikufa kabla ghorofa halijatimiza mwaka. Kanji alikwenda msibani. Aliruhusiwa kubeba jeneza, lakini alipomsogelea Dada ampe pole, Dada alisema mbele ya watu wote, wala hakupandisha sauti: "Mume wangu amefia nyumba ya watu. Nyumba yake ameikalia mdogo wangu." Waliokuwa karibu wakaangalia chini. Kuanzia siku hiyo, aliyekuwa na habari ya Dada alimpelekea Kanji, na habari ya Kanji haikwenda kwa Dada, kwa sababu hakuitaka.

Miaka ikaenda. Mke wa Kanji alifariki, watoto wakatawanyika kila mmoja na mji wake, naye akabaki na masinki yake. Ghorofa nalo likazeeka, zege likapiga weusi, na lilivyozidi kuzeeka ndivyo lilivyozidi kusifiwa. Nani alianza, sijui. Wageni wakawa wanakuja kulipiga picha. Wanafunzi wa chuo wakawa wanakaa kwenye ukingo wa barabara wakichora lile pengo kwa penseli, hawachori kingine, pengo tu. Asubuhi moja mwalimu wao alisimama penye lango la Kanji, akawapungia mkono wasogee.

"Tazameni huruma ya msanifu," akawaambia. "Alijinyima pembe nzima ya jengo lake ili nyumba ya mnyonge isikose jua."

Kanji alikuwa nyuma ya lango, ameshika shuka la jana ambalo bado lilikuwa bichi. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, na wanafunzi wakamwona, wakamsalimia kwa heshima, "Shikamoo, babu," mmoja akamwomba picha. Alipigwa picha. Walipoondoka alikaa kwenye kiti chake akalia kama mtoto, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Wiki hiyohiyo mpwa wake, mtoto wa Dada, alipita kumsalimia kwa siri kama alivyozoea. Akamwambia mama ameanza kuumwa miguu. Akamwambia bado yuko chumba kilekile, na sasa analea wajukuu, wote wanalala chini. "Lakini mjomba, usije," akasema. "Akikuona atapandwa na presha."

"Siji mikono mitupu," Kanji akasema. "Nauza."

Alikuwa ameshaamua. Angeuza uwanja, nusu ya Dada angempelekea mkononi, hata kama angetemewa mate. Hakutaka kingine duniani. Alitaka Dada apate chumba chenye sakafu yake mwenyewe kabla mmoja wao hajaitwa, na kama lingebaki neno moja jema la kumwambia mdogo wake, basi alisikie kwa masikio yake. Alivaa shati lake la mwisho zuri akaenda kwenye lile ghorofa. Maisha yote alikaa chini yake, na hakuwahi kupanda kupita ghorofa la pili.

Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, mstaarabu sana. Alimkaribisha, akamwagizia chai, akamwita mzee wangu. Ofisi ilikuwa juu kabisa, na ndani mlikuwa na baridi nzuri.

"Mimi ndiye mwenye ule uwanja," Kanji akasema. "Zamani mliutaka, nikakataa. Sasa nimekubali. Niitieni karani, nitie sahihi."

"Mzee wangu, hatuwezi kuununua."

"Bei si tatizo. Nipeni chochote chenye kugawanyika mara mbili."

"Si bei. Serikali imeliweka jengo hili kwenye urithi wa taifa. Limekuwa maarufu kwa sababu ya lile pengo. Sheria inasema pengo halizibwi, na uwanja ulio mbele yake haujengwi kitu kipya, sisi wala mtu mwingine yeyote. Ungekuwa wetu, tungeufanyia nini?"

"Basi nitamuuzia mwingine."

"Kiwanja kisichojengeka, mzee wangu? Nani atanunua?" Akamsogezea kikombe. "Lakini usiogope, hakuna atakayekuondoa. Nyumba yako sasa ni sehemu ya historia."

Kanji aliinuka akaenda dirishani, akachungulia kupitia zile mbao za saruji. Kule chini kabisa, ndani ya kivuli, kulikuwa na kitu kidogo cheusi chenye nyuzi, na kwenye nyuzi vitambaa. Barabara yote iliyokizunguka ilikuwa inang'aa kwa jua. Alisimama hapo muda mrefu mpaka meneja akamuuliza kama anajisikia vibaya. Ndiyo, alijisikia vibaya! Alitaka kuuliza ni mwendawazimu gani anayeandika sheria ya kulinda shimo. Lakini shimo lile alilichimba nani? Akashukuru kwa chai, akashuka.

Alikwenda kwa Dada hivyohivyo, mikono mitupu, siku ya Jumamosi. Ilikuwa nyumba ya vyumba vya kupanga vinavyotazamana, na katikati uwanja wa mchanga wenye kamba za wapangaji wote. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele, mvi zote, miguu imevimba. Alimwona akiingia, akaendelea kuchambua.

"Shikamoo, Dada."

Dada hakuitikia. Kanji akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote, kuhusu meneja na urithi na sheria, maneno yakipandana. "Nilitaka nikupe nusu yako. Wallahi nilikuwa nimeamua. Hawaitaki, Dada. Hakuna anayeitaka. Nimekukosea, na sina cha kulipia. Nisamehe."

Dada akaweka ungo chini. Aliinuka kwa shida, akaingia chumbani, akatoka na furushi la sare za shule za wajukuu, mashati meupe na kaptula, yote machafu. Akalitupa miguuni pa mdogo wake.

"Chukua," akasema. "Kafue, ukaanike palepale kwenye uwanja wa baba. Jumatatu alasiri watoto wanazihitaji, wanaingia zamu ya mchana. Ukiniletea zimekauka, tutazungumza habari ya kusamehe."

Kanji alilibeba lile furushi kama amepewa ufalme. Alifua jioni ileile, kwa mikono, kila kola peke yake, kila mfuko akaugeuza. Jumapili alfajiri zilikuwa kambani. Akaweka kiti, akakaa kuzilinda. Jua likachungulia juu ya maduka, likapita uwanjani kama mgeni mwenye haraka, likaingia nyuma ya ghorofa. Akazigeuza. Akazipepea kwa ubao wa sanduku, mwanamume mzee anapepea kaptula za watoto, na wapita njia wakidhani amerukwa na akili. Ilipofika jioni aliinusa kaptula moja, akaijua ile harufu, harufu ya lifti, harufu ya jina lake. Pasi aliitazama, akaogopa kuigusa.

Jumatatu asubuhi alizitia kwenye kikapu akavuka ua mpaka kwenye lile duka la vioo. Msichana wa kaunta alimfahamu kwa sura.

"Mzee, si wewe dobi wa hapo nyuma?"

"Kausha tu, mwanangu."

"Dobi analeta nguo kwa dobi!" Msichana akacheka, bila ubaya, akaita wenzake waje waone. Kanji akasimama akingoja, akitazama mashati ya wajukuu wa dada yake yakizunguka nyuma ya kioo. Yalitoka ya moto, mepesi, yamekunjwa vizuri kuliko alivyoweza kukunja yeye sasa.

Alifika kwa Dada mapema, jua likiwa kichwani. Dada alipokea kikapu, akachukua shati la juu, akalipitisha mkononi. Lilikuwa kavu kabisa. Uso wake ukalegea kidogo, na Kanji aliyaona yale macho ya zamani, ya dada aliyemfundisha kukunja mkono wa shati. Kisha Dada akalipeleka shati puani.

"Umezianika wapi?"

"Uwanjani."

"Mdogo wangu. Mimi ni mtoto wa dobi."

Kanji akakitazama kikapu. Kisha akasema, "Kwenye mashine. Pale chini ya ghorofa."

"Ukawalipa?"

"Nikawalipa."

"Wametunyang'anya jua," Dada akasema taratibu, "nawe umekwenda kulinunua kwao." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Ungeuza tu, ndugu yangu. Siku ile nilipopiga magoti. Ungeuza tu."

Akavuta ndoo, akazitumbukiza sare zote ndani ya maji. Kanji akajisogeza amsaidie, Dada akamsukuma mkono bila kumtazama. Alizisuuza moja moja huku amesimamia ile miguu iliyovimba, akazikamua, akazianika kwenye kamba ya wapangaji. Jua la mchana lilikuwa limetanda uwanja mzima. Kanji alisimama palepale akitazama maji yakikoma kudondoka, kola zikianza kukakamaa, upepo ukizinyanyua, na watoto wakaja wakazivua kambani wakazivaa, wakakimbilia shuleni. Muda wote huo alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia aketi.